Kwa nini India na Pakistani hawashuki kutoka barafuto ya Siachen?

Mwalimu wa Kasulu aliuliza:

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninaomba msaada wa wale waliosoma mambo ya mipaka na majeshi. Ninafundisha Historia katika shule moja ya sekondari hapa Kasulu, na wiki hii, tulipokuwa tukizungumzia namna mipaka iliyochorwa mezani inavyozaa ugomvi, mwanafunzi wa kidato cha nne alitaja barafuto ya Siachen (barafuto ni kama mto mkubwa wa barafu unaoteremka polepole mlimani), iliyo katika milima ya Karakoram, ambako India na Pakistani zimeweka askari tangu mwaka 1984. Swali lake lilikuwa fupi: wanapigania nini mahali pasipo na kijiji wala shamba, ambapo hata mbuzi hawezi kuishi? Nilimjibu kwamba wanapigania mpaka. Jibu hilo halikumridhisha, na mimi mwenyewe niliona kuwa ni jepesi mno.

Ninaelewa kwamba mapigano ya risasi yalisitishwa Novemba 2003. Ikiwa ni hivyo, kwa nini askari wa pande zote mbili wangali huko juu zaidi ya miaka ishirini baadaye? Jirani yangu mmoja anashikilia kwamba lazima kuna madini chini ya barafu, kwa kuwa, anasema, hakuna serikali inayomwaga fedha kiasi hicho kwa ajili ya kulinda theluji. Nitashukuru kwa maelezo yoyote ninayoweza kuyapeleka darasani bila aibu.

Mstaafu wa Isevya, Tabora, alijibu:

Mwalimu, hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaouliza namna hiyo. Nilifundisha Jiografia kwa muda mrefu, kwa hiyo utanivumilia nikianza na ramani, kwa sababu ugomvi huu wote ulizaliwa na mstari ambao wenyewe waliouchora hawakuumalizia.

Baada ya vita vya kwanza vya Kashmir, eneo la milima ambalo India na Pakistani zote zinalidai, maofisa wa kijeshi wa nchi hizo mbili walikutana Karachi chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, wakatia saini makubaliano ya tarehe 27 Julai 1949 yaliyoeleza mahali mstari wa kusitisha mapigano unapopita. Walipofika kwenye alama ya ramani iitwayo NJ9842 wakakomea hapo, wakaandika tu kwamba kutoka hapo mstari unaelekea kaskazini hadi kwenye barafuto. Hakuna aliyekwenda kupima sehemu iliyobaki, maana hakuna aliyedhani kwamba ipo siku binadamu angetaka kukaa huko. Vita vya mwaka 1971 vilipokwisha, Makubaliano ya Simla ya Julai 1972 yalizaa Mstari wa Udhibiti, yaani mstari unaoyatenganisha majeshi ya nchi hizo mbili huko Kashmir, nao ukaishia pale pale.

Sasa, kaskazini ya wapi? India inasema kwamba mstari unapaswa kufuata mgongo wa milima ya Saltoro, ulio magharibi ya Siachen, na kwa hesabu hiyo barafuto yote inaangukia upande wake. Pakistani inasema kwamba mstari unakwenda kaskazini-mashariki moja kwa moja hadi pito la Karakoram, kwenye mpaka wa China, na kwa hesabu hiyo barafuto ni ya Pakistani. Ukichora mistari yote miwili kwenye karatasi unapata pembe inayopanuka kuelekea kaskazini, na ndani ya pembe hiyo ndimo ilimolala Siachen yenye urefu wa kilomita 76 hivi, ambayo ni miongoni mwa barafuto ndefu kabisa duniani nje ya maeneo ya ncha za dunia.

Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki la wachora ramani. Katika miaka ya 1970 Pakistani ilikuwa ikiwapa wapanda milima wa kigeni vibali vya kwenda huko, na baadhi ya ramani zilizochapishwa Marekani zikaanza kuuonyesha mstari ukifika moja kwa moja kwenye pito la Karakoram. Kanali Narendra Kumar wa jeshi la India alipoziona ramani hizo alishtuka, akaomba ruhusa, akaongoza misafara ya jeshi kwenda huko mwaka 1978 na tena 1981. Kwa hiyo kibali cha kupanda mlima, ambacho kwetu ni karatasi ya kukusanyia ushuru wa watalii, kule kiligeuka ushahidi wa umiliki. Kila upande ukawa unahesabu nani alimruhusu nani kupanda wapi.

Ilipofika mwaka 1983 kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajiandaa. India ilitangulia. Tarehe 13 Aprili 1984, katika operesheni iliyoitwa Meghdoot, helikopta ziliwashusha askari wa Kikosi cha Kumaon, wachache wachache kwa kila safari, kwenye pito la Bilafond La, na baada ya siku chache pito la Sia La nalo likashikwa. Askari wa Pakistani walipopanda kabla ya mwezi huo kwisha walikuta wenzao wameshatangulia kukaa juu. Tofauti hiyo ya siku chache ndiyo iliyoamua nani yuko kileleni mpaka hivi leo.

Nisahihishe jambo moja linaloandikwa sana magazetini, kwamba majeshi hayo mawili yanatazamana juu ya barafuto. Barafuto yenyewe yote iko mikononi mwa India, pamoja na mapito makuu ya mgongo wa Saltoro. Pakistani iko chini kidogo, kwenye miteremko na mabonde ya magharibi. Mahali wanapotazamana ni kwenye huo mgongo, katika mstari wa kilomita 110 hivi.

Kuhusu madini ya jirani yako, katika duru zote za mazungumzo ya nchi hizo hoja zimekuwa mstari na mahali walipo askari. Madini hayamo.

Tabibu wa Cheyo, Tabora, alijibu:

Mzee wa Isevya amemaliza habari ya ramani. Mimi niongeze habari ya mwili wa binadamu, kwa sababu bila hiyo wanafunzi watadhani kwamba hivi ni vita vya kawaida vilivyopigwa mahali penye baridi.

Kabla ya kurudi nyumbani Tabora nilifanya kazi Moshi, ambako mara kwa mara tulipokea watu walioshushwa kutoka Kilimanjaro wakiwa hoi. Fikiria mgeni anayepanda kwa njia ya Marangu. Analala Mandara kwenye mita 2,720, kisha Horombo kwenye mita 3,720, kisha Kibo kwenye mita 4,720, na kutoka hapo anaondoka usiku wa manane ili afike Uhuru, mita 5,895, alfajiri. Juu kule anapiga picha, anageuka, na jioni ya siku hiyo hiyo yuko Horombo. Muda aliokaa kileleni huhesabiwa kwa dakika, na hata hivyo wapo wanaotapika, wanaoweweseka, na wachache wanaopoteza maisha. Sasa mchukue askari, mpandishe mahali palipo juu kuliko Uhuru, mpe bunduki na koleo la kuondolea theluji, kisha mwambie akae miezi mitatu. Hiyo ndiyo zamu ya kawaida ya askari wa India katika vituo vya juu kabisa, na kimojawapo kiko karibu mita 6,500.

Kwenye mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta nusu tu ya oksijeni ambayo mwili umeizoea. Kichwa huuma, usingizi hukatika, chakula hukosa ladha, na mtu hukonda hata kama anapelekewa kila kitu. Hayo ni ya kila siku. Ya kutisha ni mawili. La kwanza ni mapafu kujaa maji: askari aliyelala akiwa na kikohozi kidogo anaamka akitoa povu lenye rangi ya damu. La pili ni ubongo kuvimba, ambapo mtu huanza kupepesuka kama mlevi, huongea yasiyoeleweka, kisha huzimia. Dawa zipo, na oksijeni husaidia, lakini tiba yenyewe hasa ni kumshusha mgonjwa haraka, na helikopta haiwezi kuruka usiku ndani ya dhoruba. Kwa sababu hiyo jeshi la India humzoesha askari kwa hatua kabla ya kumpandisha: siku sita kwenye mwinuko wa kwanza, nne kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu. Asiyezoea anarudishwa chini.

Kisha kuna baridi yenyewe, ambayo majira ya kipupwe hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Ukishika chuma cha bunduki kwa mkono mtupu, ngozi inang'ang'ania chuma. Jasho likiganda ndani ya soksi, vidole hufa ganzi, hubadilika rangi kuwa vyeusi, na mara nyingi hukatwa. Machungwa na mayai huganda yakawa magumu kama mawe. Maji ya kunywa hupatikana kwa kuyeyusha theluji kwenye jiko la mafuta ya taa, na jiko hilo huwaka ndani ya kibanda kidogo cha faibaglasi kilichofungwa kila upande, kiasi kwamba masizi hujaa puani na kifuani. Akifungua mlango anakaribisha baridi, akiufunga sana anakaribisha hewa ya sumu.

Ndiyo maana waliouawa na mazingira ni wengi kuliko waliouawa na risasi, kwa pande zote mbili. Nitataja matukio mawili. Tarehe 7 Aprili 2012, kabla ya mapambazuko, maporomoko ya theluji na mawe yalifunika makao ya kikosi cha Pakistani mahali paitwapo Gayari. Walikufa watu 140, wakiwemo raia 11, na kazi ya kuifukua miili iliendelea kwa zaidi ya mwaka. Gayari haikuwa kilele. Yalikuwa makao ya nyuma, bondeni, mahali palipohesabiwa kuwa salama. Tukio la pili ni la tarehe 3 Februari 2016, ambapo ukuta wa barafu ulianguka juu ya kituo cha India kiitwacho Sonam na kuwafukia askari kumi. Baada ya siku sita za kukata barafu, waokoaji walimkuta Hanumanthappa Koppad akiwa bado anapumua. Habari hiyo iliishangaza India nzima. Alipelekwa hospitali Delhi, akafariki tarehe 11 Februari.

Mwalimu wa Kasulu aliandika:

Ninawashukuru sana, Mzee wangu wa Isevya pamoja na Daktari. Mfano wa njia ya Marangu nitautumia kama ulivyo. Lakini sasa swali la mwanafunzi limezidi kuwa gumu. Ikiwa mlima unaua wengi kuliko adui, na ikiwa bunduki zilinyamaza mwaka 2003, kinachowazuia kukubaliana washuke wote kwa siku moja ni nini?

Askari Mstaafu, Mwanga Kigoma, alijibu:

Mwalimu, nilivaa sare kwa miaka mingi na hili ninaweza kulieleza kwa jicho la askari. Kushuka ni jambo rahisi. Kazi ni kupanda tena endapo mwenzako atakudanganya.

Katika milima ya namna ile aliye juu anamwona aliye chini, anamwelekezea mizinga, na anaweza kuwazuia watu wengi akiwa na wachache. Tazama yaliyotokea mwaka 1987. Pakistani ilifanikiwa kukiweka kituo kwenye kilele kirefu karibu na Bilafond La, ikakiita Quaid. Kutoka hapo waliviona vituo vya India na njia za helikopta. Mwezi Mei doria ya India iliyokwenda kutafuta njia ya kupanda ilipigwa, na ofisa aliyeiongoza, Luteni Rajiv Pande, akauawa. Mwezi Juni walirudi, wakapanda ukuta wa barafu wa mamia ya mita kwa kamba huku theluji ikianguka, na bunduki zikikwama kwa sababu mafuta ya kulainishia yaliganda. Tarehe 26 Juni kundi dogo la Bana Singh lilifika juu na kukiteka kituo kwa mabomu ya mkono na singe. Bana Singh alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya India, na kilele kikapewa jina lake. Sasa jiweke katika nafasi ya jenerali wa India. Utawaambia nini vijana wako, kwamba washuke kutoka mahali hapo kwa ahadi ya mdomo?

Mazungumzo yamekuwapo mara nyingi. Mwezi Juni 1989 walikaribia kabisa kukubaliana kupanga upya majeshi ili yasigusane, kisha jambo likavunjika. Kinachowakwamisha kila mara ni kimoja. India inataka, kabla ya askari hata mmoja kushuka, mahali walipo askari wa kila upande paandikwe kwenye ramani na patiwe saini na pande zote mbili, ili atakayerudi kwa siri ajulikane kuwa ndiye mvunja ahadi. Pakistani inakataa, kwa sababu kutia saini kwenye ramani hiyo ni kukiri kwamba kilichofanyika 1984 kimekubalika, na dai lake la mstari wa kwenda pito la Karakoram litakuwa limedhoofika mbele ya ulimwengu. Mimi, nikisema kama mtu wa nje asiye na ndugu upande wowote, naona kila mmoja ana sababu ya kweli ya kuogopa, na ndiyo maana wasuluhishi wanashindwa.

Kisha ikaja Kargil. Kwenye sehemu nyingine ya Mstari wa Udhibiti ilikuwa kawaida kwa vituo vya milimani kuachwa wakati wa kipupwe na kurudiwa theluji inapopungua. Mwanzoni mwa mwaka 1999 askari wa Pakistani walivuka na kuvikalia vilele vilivyoachwa na India, na kukawa na vita kamili kuanzia Mei hadi Julai. India ililazimika kupanda chini ya risasi ili kuvirudisha. Tangu hapo, anayependekeza kuiacha Siachen bila ramani yenye saini anajibiwa kwa neno moja tu: Kargil.

Makubaliano ya Novemba 2003 yalinyamazisha mizinga. Hayakumhamisha mtu. Februari 2021 makamanda wa pande zote mbili walitangaza upya kuyaheshimu makubaliano ya kusitisha mapigano kwenye Mstari wa Udhibiti na maeneo mengine, na Mei 2025 nchi hizo zikapigana tena kwa siku kadhaa kwa ndege na makombora kabla ya kusimamisha tarehe 10. Katika hali hiyo, kuaminiana hakuwezi kuanzia mahali pagumu kuliko pote.

Binti Ujiji alijibu:

Wazee wangu, shikamooni. Nimesoma yote kwa makini, na ninaomba nitofautiane kidogo. Maelezo ya kijeshi yanatueleza kwa nini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushuka. Hayatuelezi kama mahali penyewe pana thamani yoyote. Wapo majenerali wa India wanaosema kwamba Saltoro ni kabari inayozitenganisha Pakistani na China, na wanakumbusha kwamba mwaka 1963 Pakistani iliiachia China bonde la Shaksgam, lililo kaskazini tu ya Siachen. Lakini wapo pia maofisa wastaafu wa India hiyo hiyo wanaouliza: ni jeshi gani litakalovusha magari na maelfu ya watu juu ya barafu yenye nyufa zinazoweza kummeza mtu mzima? Mimi nipo upande wa hao wa pili. Naona kwamba baada ya kuwazika vijana wengi kiasi hicho, hakuna mwanasiasa wa Delhi wala wa Islamabad anayeweza kusimama mbele ya wazazi wao na kusema tumeondoka.

Jambo la pili ni maji, na sisi tuliokulia kando ya ziwa tunapaswa kuliona upesi. Kwenye mdomo wa Siachen ndiko unakotoka mto Nubra, ambao unaingia Shyok, nao Shyok unaingia Indus, na Indus ndio uhai wa mashamba ya Pakistani. Sasa hesabu miaka zaidi ya arobaini ya makopo, mapipa ya mafuta ya taa, maganda ya risasi, vinyesi vya binadamu, na helikopta zilizoanguka. Katika baridi ile hakuna kinachooza. Vitu vinatupwa kwenye nyufa, vinazama, na barafu inatembea navyo polepole kuteremka. Jeshi la India limekuwa likishusha taka miaka ya karibuni, lakini kilichokwisha kuzama kimezama.

Barafu hiyo hurudisha hata watu. Mwezi Agosti 2022 ulipatikana mwili wa askari wa Kikosi cha Kumaon, Chandrashekhar Harbola, aliyepotea na doria yake katika maporomoko ya theluji mwezi Mei 1984. Alitambuliwa kwa kibati cha namba yake ya jeshi. Mkewe, aliyeachwa na watoto wadogo, alikuwa amengoja miaka 38.

Mstaafu wa Isevya, Tabora, alijibu:

Marahaba, binti yangu. Kuhusu taka na mto umesema kweli, na nasikitika kwamba niliruka jambo hilo. Kuhusu heshima ya wanasiasa sikubaliani nawe kwa ukamilifu. Mwezi Aprili 2012, siku chache baada ya Gayari, Jenerali Kayani, aliyekuwa mkuu wa jeshi la Pakistani, alisimama Skardu na kusema hadharani kwamba suala hili litatuliwe na kwamba majirani wanapaswa kuishi kwa amani. Mkuu wa jeshi akisema maneno ya namna hiyo baada ya kupoteza watu wake wengi, basi si aibu peke yake inayofunga njia. Kilichofunga ni kile alichokieleza ndugu yetu wa Mwanga, yaani saini kwenye ramani.

Kuna watu wengine ambao hatujawataja, na kwa mtu wa Tabora ni vigumu kuwasahau. Babu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa hadi pwani, na Wabelgiji walipoichukua Tabora Septemba 1916 nyuma ya kila kikosi kulikuwa na msururu wa wapagazi ambao njaa na magonjwa viliwaua wengi kuliko risasi. Siachen nayo ina wapagazi. Ni raia kutoka vijiji vya bonde la Nubra, wanaolipwa kwa siku kubeba mafuta ya taa, chakula na risasi hadi mahali ambapo helikopta haiwezi kutua, wakiwa wamefungana kwa kamba ili mmoja akitumbukia kwenye ufa wengine wamvute. Wanaijua barafu kuliko maofisa wanaotoka tambarare, na mara nyingi wao ndio wanaotangulia kwenda kuwatafuta waliofukiwa. Upande wa Pakistani, askari wengi wa Kikosi cha Northern Light Infantry ni wenyeji wa Gilgit na Baltistan, watu wa milima hiyo hiyo. Mwalimu, wanafunzi wako wakiuliza nani anabeba gharama, usiishie kwenye bajeti za wizara.

Mwalimu wa Kasulu aliandika:

Shukrani za dhati kwenu nyote. Nina maswali mawili ya mwisho. Je, raia wa kawaida anaweza kufika huko? Na je, nitakosea nikiwaambia wanafunzi kwamba suala hili linafanana na lile letu la Ziwa Nyasa na Malawi? Pia ningependa wachore wenyewe hiyo mistari miwili, lakini atlasi tulizo nazo shuleni hazionyeshi NJ9842.

Askari Mstaafu, Mwanga Kigoma, alijibu:

La Ziwa Nyasa lifundishe, ila kwa tahadhari. Linafanana kwa kuwa nalo limetokana na maandishi ya watu wa mbali, yaani mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ambao Malawi inausoma kuwa mpaka uko ufukweni mwetu nasi tunasema uko katikati ya maji. Tofauti ni kwamba kule ziwani wapo wavuvi na vijiji vinavyolitegemea, na hakuna jeshi lililopelekwa kukaa majini. Kuhusu raia, Oktoba 2019 serikali ya India ilitangaza kuwaruhusu watalii kutoka kambi ya chini ya Siachen hadi kituo kiitwacho Kumar, kilichopewa jina la yule Kanali wa misafara. Mapito ya Saltoro yamebaki ya askari.

Mstaafu wa Isevya, Tabora, alijibu:

Mwalimu, huhitaji atlasi kubwa; karatasi ya mraba inatosha. NJ9842 iko karibu kabisa na latitudo ya nyuzi 35 kaskazini na longitudo ya nyuzi 77 mashariki. Pito la Karakoram liko kwenye nyuzi 35 na dakika 31 kaskazini, nyuzi 77 na dakika 49 mashariki. Waunganishe nukta hizo mbili kwa rula, na huo ndio mstari wa Pakistani. Kisha waweke nukta ya tatu kwenye nyuzi 35 na dakika 40 kaskazini, nyuzi 76 na dakika 48 mashariki, mahali paitwapo Indira Col, kwenye kichwa cha barafuto. Kutoka NJ9842 hadi hapo wasitumie rula, kwa sababu mstari wa India unafuata mgongo wa milima na unapinda pinda. Wauchore kwa mkono, na waukunje kidogo upande wa magharibi. Wakimaliza, wawaze kwamba barafuto imelala ndani ya pembe hiyo kutoka kaskazini-magharibi kushuka kusini-mashariki, na wakitumia kipimo cha sentimita moja kwa kilomita tano, urefu wake utakuwa sentimita kumi na tano hivi.